Video ya Macho Yaliyofungwa

Tawa, Jumapili

Itangazwe kote Makueni: mwalimu wa hesabu mwenye kitambi sasa ni mtengenezaji wa video. Kanisa zima limesimama kunipigia makofi!

Na jana nilitaka kuhama kaunti. Kwaya ya mke wangu ilisharekodi wimbo studio, Kibwezi, nami nikajitolea kuwapiga video kwa simu yangu. Nilipoketi kuhariri, hakuna aliyekuwa akiimba. Nyuso tu, macho yamefungwa, na mwenzao Mama Mutua anachungulia kama anayeangalia chai isimwagike. Nikaziweka hizo hizo juu ya wimbo, polepole, nikangoja aibu.

"Baba Mwende," mke wangu akaniuliza leo, akipangusa machozi, "ulijuaje kutupiga hivyo?"

"Ni mambo ya sanaa, mama. Huwezi elewa."

Sasa ukweli. Kwaya yetu huomba kabla ya kila wimbo. Nilibonyeza simu bila kujua kabla ya maombi, na kwenye "Amina" nikabonyeza tena nikidhani naanza, kumbe nazima. Ile nukta nyekundu ya kurekodi ningeiona, lakini wakati wa maombi nilikuwa nimefunga macho, na wakati wa wimbo nilikuwa nacheza.