Jina la Mwenyekiti Lililokuwa Likitembea

Amna, acha unachofanya. Hanifa wetu amemkatalia Mwenyekiti mbele ya bodi nzima, sasa hivi, hapa Chimala.

Unafahamu kwamba alikuwa akisahihisha kurasa za tovuti ya chama cha wakulima wa mpunga ili zifuate viwango vipya. Tagi, zile alama za msimbo wa ukurasa, zilizoachwa wazi amezifunga, picha zisizo na maelezo amezipatia maelezo, hadi kihariri, programu anayoandikia msimbo, kikaishiwa na mistari myekundu ya makosa. Lilibaki kosa moja: salamu za Mwenyekiti zenye jina lake, zile zinazokimbia juu ya ukurasa mithili ya tangazo la stendi. Akazisimamisha.

Mwenyekiti, Mzee Vitus, akafungua ukurasa wa majaribio kwenye simu mbele ya wajumbe. "Binti, jina langu lilikuwa linatembea. Nani kalisimamisha?"

Lilikuwa linatembea, Amna. Alitamka hivyo, na hakuna aliyecheka.

"Ni mimi, Mzee. Viwango havikubali maneno yanayokimbia. Mwanachama asiyeona, anayesomewa na simu, hayapati."

"Kila ofisi ya maana jina la mkubwa linatembea! Lirudishe, au uache funguo za ofisi."

Linatembea! Mara ya pili!

Hanifa akawageuzia kompyuta, akauchapisha ukurasa ule ule hewani bila kubadilisha hata nukta.

"Limetulia, Mzee. Sasa hata asiyeona atajua Mwenyekiti ni nani. Funguo hizi hapa."

Zimelala mezani kati yao. Mzee hajazigusa. Hanifa ameketi anamtazama, wala hana dalili yoyote ya kuomba radhi.