Bangili za Mkono wa Kulia

Jumatatu, 3 Juni 2019
Kolam, pambo la unga ninalochora mlangoni kila asubuhi, imeharibika tena. Nukta tisa tu, na unga wa mchele unaniponyoka vidoleni. Mama mkwe kapita na kahawa yake: siku hizi kuku ndiye anayetuchorea? Nimecheka. Shingo hii ndiyo inayonilegeza mkono! Daktari wa mifupa kasema pingili zimebana neva ya mkono. Upasuaji tarehe 2 Julai.

Alhamisi, 13 Juni
Kwa Pechiammal muuza bangili. Mwezi ujao binti yetu Malarvizhi anavishwa bangili kwenye sherehe ya mimba yake ya miezi saba. Nami nikajaribu. Mkono wa kushoto – sabuni, kuminywa, kelele, kama kawaida. Wa kulia, bangili ilipita yenyewe. Wanawake wakapiga vigelegele: mkono wa bibi harusi!
Pechiammal hakucheka. Kanibonyeza chini ya kidole gumba. Nyama hakuna. Habari ya upasuaji nilikuwa nimemwambia.
“Shingo inauma, dada?”
“Haiumi.”
“Sasa wanakupasua nini? Nenda kwa daktari wa neva.”

Jumanne, 18 Juni
Mume wangu hataki. Shingo ina dawa, anasema, usijitafutie ugonjwa mwingine. Na muuza bangili kawa profesa lini?
Nimekwenda peke yangu. Daktari ni binti mdogo. Kaniambia nitoe ulimi, kautazama muda mrefu. Unachezacheza wenyewe, kasema. Ulimi wangu, na sikujua! Upasuaji usubiri. Kwanza kipimo cha sindano.

Jumatatu, 1 Julai
Majibu: ugonjwa wa neva za mwendo, unaokausha misuli hadi ya pumzi. Tiba hakuna. Kidonge cha kuuchelewesha kipo.
Umewahi, kasema daktari. Wengi wanafika mwaka umeshapita, na shingo imeshapasuliwa bure. Nimewahi! Nikasema asante. Sikusikia chochote moyoni. Niliwaza maziwa niliyoyaacha juani.
Sijui nimshukuru Pechiammal au nimchukie.

Jumanne, 2 Julai
Leo ningekuwa chini ya kisu. Nimemeza kidonge cha kwanza. Mume wangu anadhani daktari wa mifupa kaahirisha tu. Malarvizhi hajui. Sherehe ipite kwanza.
Asubuhi nilikaa kizingitini na bakuli la unga. Sikuchora. Visalakshi, jirani wa ng’ambo, akavuka barabara mbio, ncha ya sari mdomoni. Mlango mtupu kama wa msiba! Nani ametutoka?
“Hajafa mtu hapa!” – mama mkwe, kutoka ndani. Akaja. Akautazama mkono wangu, muda mrefu kama yule daktari. Kisha akachuchumaa, na magoti yake yale, akachukua bakuli.
“Nukta ngapi?” kaniuliza.