Kodi ya Kichwa cha Pili

Nyumbani, mlimani Meru
14 Aprili 1947

Mwanangu Nathanaeli,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi mzima, ng'ombe ni mzima, ni goti la kushoto tu linalonisumbua wakati huu wa mvua.

Pesa ulizompa Mama Nanyori zimefika. Shilingi nane. Mwaka jana ulileta kumi kila mwezi, na mshahara wako haujapungua. Nilipouliza mbili ziko wapi, nikaambiwa eti zinakatwa kodi kila mwezi. Kila mwezi! Marehemu baba yako alilipa kodi mara moja kwa mwaka, kahawa ikishauzwa, akapewa karatasi, basi. Mlima mzima huu hakuna anayelipa kila mwezi. Kodi ya kila mwezi naijua mimi: inauzwa kwa kibuyu.

Mchungaji anataka kutangaza ndoa yako na Hanna mwezi wa Julai. Sitasimama kanisani kumkabidhi mtoto wa watu kwa mlevi. Kwanza nieleze hizo shilingi.

Mama yako,
Tabitha


Arusha mjini
27 Aprili 1947

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Pole na goti. Mimi mzima wa mwili, ila barua yako imeniuma.

Sijaonja pombe tangu nimepata kipaimara. Sikiliza, Mama, nikueleze. Kodi ni ileile aliyokuwa akilipa baba, shilingi kumi na mbili kwa mwaka. Sisi tunaofanya kazi ya mshahara hatuna kahawa ya kuuza, kwa hiyo mwajiri anakata kidogo kidogo kila mwezi, anaziweka, kisha anapeleka zote bomani. Mwisho wa mwaka napewa stakabadhi yangu. Bwana Kulwant Singh, mwenye karakana, alitueleza hivyo Januari, mafundi wote wakiwa wamesimama. Si uwongo wangu.

Kuniita mlevi mbele ya Mama Nanyori, anayefikisha habari sokoni kabla ya ndizi, ni kunionea.

Mwanao,
Nathanaeli


Nyumbani
9 Mei 1947

Nathanaeli,

Goti halijambo. Usinionyeshe hasira, ulizirithi kwangu.

Nimekaa na barua yako siku tatu. Mimi sikusoma zaidi ya darasa la ubatizo, lakini nimeuza ndizi Tengeru tangu hujazaliwa na hakuna aliyewahi kunipunja. Kumi na mbili kwa miezi kumi na miwili ni shilingi moja. Moja! Wewe umepunguza mbili. Basi hiyo ya pili ni ya nani? Kama wanakuibia, kwa nini umenyamaza? Na kama hawakuibii, ana jina gani huyo mwanamke?

Mama yako


Arusha mjini
1 Juni 1947

Mama,

Shikamoo. 

Hesabu yako ni sahihi na mimi ndiye mjinga. Kila mwezi nilipokea pesa, nikatia sahihi bila kusoma, nikaondoka. Jana niliingia kwa Bwana Kulwant na kelele zangu zote. Nilimwambia anakula pesa yangu. Alifungua daftari la mishahara akanigeuzia. Chini ya jina langu kuna shilingi moja ya kodi. Mstari unaofuata kuna shilingi nyingine, na jina lililoandikwa hapo ni Anaeli. Baba yangu!

Akanionyesha barua iliyotoka kwa karani wa baraza huko nyumbani. Inasema Anaeli bado yumo katika kitabu cha walipa kodi, hajalipa, na kwa kuwa ana mtoto mwenye mshahara, akatwe mtoto. Bwana Kulwant hakujua kwamba baba amefariki. Aliponisikia alivua miwani akanipa pole, nikaona aibu kwa matusi niliyomtukana.

Mama, baba tumemzika miaka miwili sasa. Hawa watu hawana haya? Mshili wetu, mwenye kukusanya kodi hiyohiyo, alikuwepo mazishini, alikula nyama yetu! Nenda barazani wamfute. Na mwambie Hanna kwamba mimi si mlevi.

Mwanao,
Nathanaeli


Arusha mjini
29 Juni 1947

Mama,

Shikamoo. Mwezi mzima hujajibu. Mama Nanyori anasema u mzima ila hutaki kuzungumza. Jana nimekatwa tena ya baba. Julai ni keshokutwa. Umekasirikia nini tena?

Nathanaeli


Nyumbani
7 Julai 1947

Mwanangu Nathanaeli,

Nakusalimu, na leo mimi ndiye ninayestahili kukuamkia.

Sikujibu kwa sababu ya aibu. Baba yako alipofariki, mshili alikuja na kitabu kumfuta. Ni mimi niliyemkataza. Baba yako mdogo Sumari alikuwa ameanza kupima kihamba chetu, shamba la baba yako, kwa hatua, na wewe umeandikwa mjini. Nikaona jina likitoka, atasema shamba halina mwenyewe. Mshili akasema, "Haya, abaki, kodi yake itapatikana." Sikuuliza itapatikana wapi. Nilidhani serikali haiwezi kumdai mtu aliye kaburini.

Alhamisi nilikwenda barazani. Sumari alikuwa amekaa palepale mbele. Nikasema: mfuteni Anaeli, mwandikeni Nathanaeli kwenye nyumba yake. Karani akasema kichwa kimoja hakiandikwi mahali pawili. Nikamwuliza, "Aliyekufa mmeweza kumwandika, aliye hai anawashinda?" Watu walicheka hadi karani akachukua kalamu. Kihamba sasa kina jina lako, na kodi ni moja. Barua ya kumpa Bwana Kulwant hii hapa, nimeingoja mpaka ikapigwa muhuri.

Shilingi sita za baba yako hawarudishi. Karani anasema zimeingia kwa haki. Basi sita hizi ni zangu, nimeuza mbuzi. Zipokee. Nilikuita mlevi, kumbe aliyekuwa akizinywa shilingi zako ni mimi.

Jana ndoa yako ilitangazwa. Mchungaji alisoma, "Nathanaeli, mwana wa marehemu Anaeli." Nilisimama mwanangu, na goti langu hilohilo, mpaka alipomaliza.

Mama yako,
Tabitha