Glasi Niliyomwonjea Mzee Renzo

Minto, Sydney

Mama yangu mpenzi,

Bwana asifiwe! Najua hutaki kuniitikia, lakini salamu ya Bwana hanyimwi mtu, kwa hiyo nusu ya kazi nimeshaimaliza. Shikamoo pia. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Baba amenong'ona kwenye simu kwamba unapanda mlima kwenda kanisani bila fimbo, na kwamba simu yako ikilia, ukiona jina langu unaifunika kwa sufuria. Wiki tatu, Mama! Jirani yangu hapa, Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, ndiye aliyenishauri: "Andika barua, dada. Mama akisha kasirika, simu haisaidie kitu." Nimenunua karatasi na bahasha. Barua nayo ukiifunika, Baba ataifunua.

Mimi ni mzima. Baridi imekwisha, na kazi ni ileile ya kuwatunza wazee majumbani, treni kila asubuhi mpaka Liverpool, mtaa wa hukuhuku Sydney, na jioni kurudi. Sasa tuje kwenye ile picha.

Ni kweli, Mama. Ni mimi. Ile ni glasi ya divai, na iko mdomoni, si karibu na mdomo. Shangazi Mghoi hakukudanganya alipoizungusha kwa akina mama wote wa kanisa kabla hata sadaka haijakusanywa. Lakini Shangazi aliona nusu ya picha, na nusu ya pili niliikata mimi mwenyewe. Ngoja nikueleze, halafu uamue kama bado hutaki kuja Desemba kukaa "na mlevi".

Unamkumbuka Mzee Renzo, yule Mwitaliano ninayemwogesha na kumvalisha? Uliiombea mikono yake inayotetemeka. Alitoka kwao Lucca akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, akaja huku kujenga nyumba za watu, hakurudi tena. Mwaka huu anatimiza themanini na sita, akasema hataki keki, anataka kula chakula cha kwao, kwao. Binti yake Rita hawezi kuliacha duka lake, basi akanilipia nauli nimsindikize. Nilipiga vigelegele jikoni kwa watu!

Lucca ni mji wa kale, umezungushiwa ukuta mpana hata watu wanaendesha baiskeli juu yake. Tulijiunga na watalii wanane, na kiongozi wetu, msichana aitwaye Chiara, alitangulia ameinua mwiko badala ya bendera. Kazi yake ni kuwapeleka watu kula. Hiyo ndiyo kazi, Mama! Hapa jibini, pale supu ya maharagwe na ngano, mbele mkate mtamu wenye zabibu kavu, na kila mlo una hadithi yake mpaka supu inapoa. Mimi nasukuma kiti cha magurudumu juu ya mawe, Mzee anagomba: "Supu nyepesi hii! Mama yangu angeirudisha jikoni!" Chiara akaniuliza kwa sauti ya chini kama mzee huwa hivi. Nikamwambia leo ana furaha.

Kila walipomimina divai nilisema hapana, asante, nikanywa maji. Wenzetu walikuwa wanaonja na kutema kwenye ndoo, watu wazima na akili zao. Kituo cha mwisho kikawa stoo ya divai chini ya nyumba moja. Mwenye stoo akamimina divai ya kilima kilekile ambako mama yake Mzee Renzo alikuwa akivuna zabibu kama kibarua. Mzee akanyoosha mikono, ikatetemeka kuliko siku zote, akaniangalia.

Nikaishika glasi nimnyweshe. Na Mama, siapi kwa sababu ulinikataza, lakini mkono ulikuja kinywani mwangu kwanza. Sikufikiri. Nani alinifundisha kwamba mkubwa hapewi kitu ambacho mpaji hajakionja? Bibi aliita kutoa uchawi. Wewe ulipookoka ukabadilisha jina, ukaita kutoa shaka, lakini kofi nililopata siku nilipompa mchungaji uji bila kuonja, hilo halikuokoka. Basi nikaonja. Kutema mbele ya mzee nikashindwa, nikameza. Ni chungu kama dawa ya minyoo, usihofu kwamba nitarudia.

Chiara akauliza mbona nimeonja mimi. Nikaeleza, akawatafsiria wote. Mzee Renzo akacheka huku machozi yanamtoka, akasema, "Mwambie mama yako amelea vizuri. Haya, nipe." Nikamnywesha mpaka tone la mwisho, nimemshika kidevu, na mimi nalia.

Chiara ndiye aliyepiga picha. Kazini kwetu ni mwiko kuweka picha ya mzee tunayemtunza mahali watu wanapoona, kwa hiyo kabla ya kuiweka kwenye status ya simu yangu nikamkata Mzee. Nikabaki mimi, glasi, na ile blauzi ya maua uliyonishonea, nikajiona nimependeza kweli. Huo ulikuwa ujinga wangu, unisamehe.

Picha nzima imo humu. Rita amekubali, na Mzee mwenyewe ameandika jina lake nyuma. Ilimchukua dakika kumi, kwa hiyo usiucheke mwandiko. Mtazame anavyoningoja nimalize kuonja. Kisha mpe Shangazi aizungushe tena, hata kabla ya sadaka.

Tiketi bado ina jina lako. Mzee amepanda sukuma wiki kando ya nyanya zake kwa sababu nilimwambia ndiyo mboga yako, na kila asubuhi ananiuliza kama umekubali. Namjibu kwamba Mama anafikiri. Nimekukumbuka, Mama. Naitaka sauti yako hata kama ni ya kunigombeza.

Msalimie Baba, mpelelezi wangu. Msalimie kaka Mwakio na mkewe, na yule mtoto wao mdogo ninayesikia ameanza kutembea. Shangazi mwambie sina kinyongo, ila kidogo.

Siku utakayoshuka Sydney nitakuwa mlangoni na chupa ya chai ya tangawizi. Nitamimina kikombe, nitaonja mbele za watu wote, halafu nitakupa. Wewe njoo tu upokee.

Binti yako uliyemlea vizuri,
Wakesho