Mtaro wa Madrasa

Jumamosi, 10 Mei

Klabu ya ubunifu, saa tatu asubuhi. Walioandikishwa ishirini na wawili, waliofika tisa. Mada ya mashindano ya kaunti: tatueni tatizo moja la mtaani kwenu. Tumechora, tumekata madebe, tumemaliza gundi bure. Mwanaisha hakuja tena, na ndiye mwenye kichwa cha vipimo Gredi ya Sita nzima. Wasiokuja nimewaita wavivu mbele ya wenzao. Nilikuwa na hasira.

Jumatatu, 12 Mei

Si wavivu, mwalimu mwenzangu ameniambia leo. Jumamosi asubuhi huwa wako madrasa. Mimi mzaliwa wa Mtopanga, pilau za Idi za majirani nimezila tangu utotoni, na ratiba nikaipanga kwa kuangalia siku za kwaya yangu tu. Watoto walijua. Hakuna aliyethubutu kuniambia, kwa huu ukali wangu. Nimeona haya.

Jumanne, 13 Mei

Nimemwendea ustadhi wao. Shikamoo, marahaba, kahawa, kisha nikaomba radhi. Akanipeleka uani. Maji ya udhu yametuama, wadogo wanateleza kila siku. Tatizo la mtaani ndilo hili, akasema. Waje walitatue saa tano, wakishatoka darasani.

Jumamosi, 17 Mei

Wamekuja wote. Tumechimba mtaro kuelekea kwenye mipapai. Tukamwaga maji, yakaturudia miguuni. Ustadhi alicheka hadi akashika kofia.

Tulikuwa tumekadiria kwa macho. Mwanaisha akakimbia kwao, akaja na mpira mrefu mwangavu wa maji, wa babake, fundi wa mawe. Unautia maji, mmoja anashika ncha hii, mwingine ile, na maji yanasimama usawa mmoja pande zote. Kumbe kwenye mipapai ndiko juu, kwa vidole vinne. Tukachimba upya, tukizidisha kina kadiri tunavyoikaribia. Shahada ya sayansi ninayo, mpira huo sikuujua.

Alhamisi, 22 Mei

Maonyesho ya mashindano ya kaunti ni keshokutwa mjini. Jumamosi, asubuhi. Siku hiyo hiyo madrasa wana mtihani. Nimeomba tupangiwe mchana, waandaaji wamekataa. Mwalimu mkuu anataka niwapeleke wale tisa. Yaani wakasimame mbele ya waamuzi na kazi ya Mwanaisha, mwenyewe hayupo. Nimemwambia tunakwenda wote au hatuendi. Akasema basi hamwendi.

Jumamosi, 24 Mei

Hatukwenda. Baraka, mmoja wa wale tisa, hanisemeshi tangu jana. Alikuwa ameshaazima viatu vya safari. Ana haki. Roho inaniuma.

Saa tano nimepita madrasa. Uani kukavu, maji yanashuka taratibu hadi kwenye mipapai. Mwanaisha ametoka kwenye mtihani, hata maonyesho hakuyauliza. Alitaka kunieleza habari ya darasa letu. Jana alibaki baada ya masomo akaipima sakafu kwa ule mpira. Imeinamia ndani, ndiyo maana mvua hutuingilia. Miaka tisa nafundisha humo na kupiga deki kila ikinyesha.