Unga wa Rangi Mbili

Wodi ya Wanaume,
Mtwara mjini.

Kwa mdogo wangu Salumu, Mikindani.

Mimi kaka yako Abdallah nina miaka sabini na tisa. Nimezika wake wawili, vita vya ng'ambo ya Ruvuma nimeviona vikianza na kwisha, kipindupindu kilinipitia kikaniacha, kimbunga kiling'oa bati zangu nami nikabaki, na yule mamba aliyemla jirani yetu alinitazama mimi kwanza, akaona sitafuniki. Basi usiponijulia hali, hali yangu inajijua. Wewe hujambo? Shemeji naye, kifua kimeachia? Duka la dawa linakwendaje? Nauliza kwa heri, ingawa moyo wangu kwako siku hizi hauna heri nyingi.

Naandika kwa mkono wangu, mkono wa ngumbaro. Nilikuwa wa kwanza darasani, unajua. Ukisema wenzangu walikuwa vikongwe watupu, wa kwanza ni wa kwanza. Simu yangu ukiiona unaiacha ilie, kwa hiyo nimempa Jafari wa bodaboda barua hii, na nimemwambia asiondoke dukani kwako mpaka umalize kusoma.

Kile kidonda cha wayo, cha kisiki cha mkorosho, unakijua. Nilikifanya kama tunavyofanya sote huku Msimbati: kapsuli ya rangi mbili naivuta mapande, unga namwagia kwenye kidonda, nafunga kitambaa, naenda shamba. Kapsuli ulizileta wewe, zimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Kikikauka juu nakusifu, kikifumuka unaleta zingine. Msimu wa korosho ukaisha, wa mihogo ukaingia, kidonda kikaanza kutoa usaha wa kijani wenye harufu tamu tamu kama tunda lililooza. Ukaniambia ule ni uchafu unatoka, niongeze unga. Nikaongeza.

Mjukuu wetu Latifa ndiye aliyenileta hapa, kwa kunivuta. Unamkumbuka alipokuja dukani kwako, mwaka wa kwanza wa chuo, akakuomba usiuze kapsuli mojamoja kama karanga. Ulimjibu mbele ya wateja kuwa maji hayapandi mlima, na kwamba yeye anapoteza ada kukariri majina ya dawa. Mimi nilicheka. Lakini wewe ulicheka kwanza.

Sasa jioni anakaa kitandani kwangu na kusoma kwa sauti, maana ana mtihani, na mimi sina pa kukimbilia. Nimeyashika yote, Salumu. Kichwa kilichobeba juzuu thelathini hakishindwi na vidonge. Dawa zina koo kama sisi. Ukoo wa penisilini, wamo ampisilini na amoksilini, kazi yao kubomoa ukuta wa nyumba ya bakteria. Ukoo wa tetrasaiklini, ndiyo rangi mbili yako, hauui kitu, unawazuia kujijenga tu, mwili umalize wenyewe. Jentamaisini ana ukoo wake, wa sindano. Na kila ukoo una maadui wake, huwezi kumtuma mtu wa ukoo huu akapigane vita vya ukoo ule. Niliyasoma hayo mbele ya Daktari Fredi asubuhi, wodi nzima wakasikiliza. Flajili nikaiweka kwenye ukoo wa penisilini, daktari akanisahihisha, na tangu hapo wagonjwa wananiita Bwana Kapsuli. Wacheke. Nani kati yao anaijua sefalosporini?

Walipochukua usaha kuupima, Latifa alinitajia aliyemo: anaitwa Sudomonasi. Anapenda majimaji, usaha wake kijani, na ile rangi mbili kwake ni chakula cha mchana. Nikamuuliza, tangu lini? Akasema tangu zamani, babu, hata ingekuwa mpya kutoka kiwandani. Yaani msimu mzima nilikuwa namnyunyizia adui yangu unga wa mhogo. Na wewe ndiye mwenye duka, mwenye koti jeupe, ukawa hujui, wala hukutaka kujua.

Ikaja dawa ya ukoo anaouogopa, ya kutiwa mshipani. Nikafurahi, nikamwambia Daktari Fredi basi yaishe, nirudi shamba. Akasema mguu ukatwe. Nikakataa, nikamwambia mimi nimeapa kuingia kaburini mzima kama nilivyotoka tumboni mwa mama. Sista Martha akanibembeleza, nikamfukuza. Mwisho nikamuuliza Latifa kwa nini, kama adui anauawa na dawa ipo. Akalia kwanza. Halafu akanijibu kama mwalimu: dawa husafiri na damu, babu, na mfupa wako wa chini umekwisha kufa, damu haifiki, dawa haifiki. Hilo nililielewa bila kukariri.

Basi ndugu yangu, nimekubali. Nimeweka dole gumba na sahihi juu yake, wasije wakasema sijui kuandika. Jumatatu asubuhi wanaukata mguu wa kulia chini ya goti. Mguu wa Mwislamu hautupwi na takataka, unavikwa kitambaa na kufukiwa, hausaliwi. Hilo ndilo nililokuandikia. Jumatatu njoo na sanda fupi, uchukue mguu wangu, uupeleke Msimbati, uuzike pembeni mwa mama, ubavuni mwa nafasi niliyojiwekea, nisije siku ile ya kufufuliwa nikahangaika kuutafuta. Usimtume mtu. Chimba kwa mkono wako, ule uliokuwa unafunga gazeti. Ukimaliza nenda kafunge duka, au kamwite Latifa akufundishe koo.

Msalimie shemeji, na watoto wa Mikindani wote wanaoniulizia. Nikitoka salama nitakuja kukaa barazani kwako kila siku ya soko, na kila atakayeomba rangi mbili nitampandishia kanzu mpaka gotini aone.

Ni mimi kaka yako,
Abdallah, aliyekubeba mgongoni kwa mguu huohuo.

Ukiona nimeongeza chumvi, muulize Latifa, muulize Sista Martha, muulize Daktari Fredi. Wakikuficha, Jumatatu fungua kitambaa utazame wayo.