Nilizima Programu Ambayo Ingetunza Sauti ya Baba Mkwe

Doña Nereida mpendwa, naomba kwanza baraka zako halafu unisaidie, maana jambo hili linanikosesha raha. Mimi ni fundi viti hapa Santiago, na kwa umeme wetu huu wa kuja na kuondoka nyumbani tunaishi kwa betri za inveta, zile zinazojichaji umeme ukiwepo, na polisi wa betri ni mimi, taa ikiwaka bure nazima, friji likifunguliwa mara mbili nagomba, mpaka mke wangu Yudelka huniita Bwana Zima. Sasa mwaka jana mwezi Machi umeme umekatika, kompyuta ya mezani inavuma feni na hakuna aliyeigusa, nikafungua ile orodha ya programu zinazofanya kazi chinichini, nikakuta majina chungu nzima ambayo hatukuyafungua, nikasema kumbe hawa ndio wanaokula betri yangu, nikazima nilizoweza, na ile iliyokula zaidi nikaizuia hata isianze tena kompyuta ikiwashwa. Feni ikanyamaza, nikajipongeza.

Kumbe ndiyo ile aliyoiweka shemeji yangu Wilkin, inayopeleka nakala za mafaili yetu mtandaoni. Mei hiyohiyo ya mwaka jana, Yudelka alimrekodi baba yake, Don Fermín, akiwa mgonjwa, akisimulia alivyomposa mama yao, akaihamishia rekodi kwenye kompyuta na kuifuta kwenye simu. Mzee alifariki Juni. Mwezi uliopita umeme ulirudi kwa kishindo ukaua diski, na mtandaoni nakala zinaishia Machi. Yudelka akampigia kaka yake mbele yangu.

"Si ulisema nisihangaike, inajihifadhi yenyewe?"

"Dada, haki ya Mungu, niliiacha inafanya kazi."

"Kazi gani, ya kula na kulala? Usikanyage kwangu, hata kwenye misa ya mwaka wa baba."

Nami nilikuwa pale na kahawa yangu, nikanyamaza. Misa ni Jumamosi ijayo. Najuta kweli. Nikiri, au niache, maana sauti haitarudi?

Eligio

*

Eligio, baraka umepata, sasa nikugombeze. Kompyuta si sebule yenye taa. Ile programu ilikula sana kwa sababu ilikuwa inafanya kazi. Jina usilolijua kwenye orodha hiyo, litafute maana yake kwanza, au muulize aliyeliweka. Betri ikikubana, zima kompyuta nzima, ikiwashwa wataamka wote.

Hiyo diski usiitupe wala usiiwashe tena. Mpelekee fundi anayeokoa mafaili, pengine kilichoungua ni kibao chake cha umeme tu. Lakini sikupi ahadi.

Nakuonea huruma kwa ile Machi, hukujua. Kwa ile kahawa sikuonei. Mwambie Yudelka leo, kabla ya chakula cha mchana, na usianze na betri wala umeme, anza na "ni mimi". Atalia, atakutukana, pengine utalala kwenye vile viti unavyotengeneza. Vumilia. Kisha nenda mwenyewe kwa Wilkin, mlangoni kwake, usimpigie simu.

Sauti ya baba yake ulimpotezea bila kujua. Kaka yake unampotezea huku unaona. Jumamosi Wilkin akae benchi la mbele na dada yake, na wewe, ikibidi, simama nyuma mlangoni.